Taa Iliyoozwa

Kitendawili. Nina mlinzi wangu: akiwa macho, jicho lake limefumba, akisinzia, ndipo jicho linapowaka jekundu. Ni nani huyo? Fikiri taratibu, wala usinipe mji bado. Hadithi hii inamhusu mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kumpa mtu yeyote mji.

Mtu huyo alikuwa fundi wa umeme wa magari, na mtaa mzima walimwita Daktari. Zamani, yeye na dada yake walipokuwa wakichambua maharage na mama yao, mama aliwatega vitendawili ili mikono isichoke. Dada akikwama alisema, "Haya mama, nakupa mji," akataja mji wowote uliomjia kichwani. Mama aliusafiri mji huo kwa maneno, akala huko, akanywa, akasifiwa na wenyeji, kisha akarudi na jibu. Dada aliipenda safari kuliko jibu lenyewe. Lakini kaka mtu, hata kidogo. Ukimtega nyumba isiyo na mlango, atakuambia boga. Ukimwambia si boga, atasema jiwe. Ukimwambia ni yai, atabisha kwamba yai lina mlango ila hujauona, na atabisha hivyo mpaka maharage yaive.

Akakua hivyo hivyo. Gari lililoshindikana kwingine lilipelekwa kwake, na juu ya mlango wa gereji aliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA LINALONISHINDA.

Dada yake alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia, na ndiyo maana akaitwa Mama Pazia. Yeye ndiye aliyembeba Daktari mgongoni kabla mtoto yule hajajua kutambaa. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja na gari dogo la rangi ya maziwa, na tangu hapo shida zote za gari lile zilikuwa za Daktari. Dada hakuhoji. Neno la Daktari juu ya gari lilikuwa kama neno la mama yao juu ya chumvi: akisema imetosha, imetosha.

Asubuhi Mama Pazia alipakia vitambaa vyake kiti cha nyuma, akawasha gari, akampitia mtoto wa kaka yake, maana mabinti hao wawili walisoma shule moja na walilingana umri kama vidole viwili jirani. Binti yake aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake ulitangulia kuamka kuliko macho. Wa Daktari aliitwa Mpole. Wote wawili walikitaka kiti cha mbele, ambacho walikiita kiti cha bosi. Chiriku alikidai kwa hotuba. Mpole alifungua mlango, akaketi, akafunga mkanda.

"Mama, umeona? Ananifanyia hivi kila siku."

"Wewe ulikuwa unasema, mwenzio alikuwa anakaa," Mama Pazia alijibu. "Panda nyuma ukashikilie mapazia ya watu."

Siku moja taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzimika. Ilikuwa na picha ya mtu ameketi, kifuani ana duara.

"Huyu amepakata tikiti maji," Chiriku alisema kutoka nyuma.

Daktari alipoitazama hakucheka. "Hiyo ni taa ya mifuko ya hewa, dada. Ile inayofura ukipata ajali, uso ukaangukia pahali laini. Niachie gari mpaka Ijumaa."

Mama Pazia akamwachia, akawa anabeba vitambaa kichwani kwenda kupima madirisha ya watu. Ijumaa Daktari akaleta gari mwenyewe, limeoshwa, linanukia sabuni. Taa imezima.

"Lilikuwa na ugonjwa gani?"

"Taa yako ilikuwa inanuna kama mwari aliyekosa mchumba," Daktari alisema, akimrushia ufunguo. "Nimeioza kwa bwana mmoja mtulivu. Haitakusumbua tena."

Mama Pazia alicheka mpaka akashika mbavu. "Na mahari amekula nani?"

"Mahari mtu hasemi, dada."

Kicheko hicho alikuja kukikumbuka baadaye, na kila alipokikumbuka kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu iliyofuata Mpole hakutoka nje. Alitoka mama yake, wifi yake Mama Pazia, akifuta mikono kwenye kanga. "Wifi, mtoto siku hizi gari linamtia kichefuchefu. Baba yake atampeleka kwa pikipiki."

"Kichefuchefu tangu lini? Si Jumatano iliyopita tu nilikuwa naye?"

"Ndiyo hivyo, wifi. Mwili haupigi hodi."

Chiriku alihamia kiti cha bosi kwa shangwe, akanyoosha miguu, akashusha kioo, akawapungia mkono hata watu asiowajua. Lakini baada ya siku chache raha ya kushinda bila mpinzani ikamchachia. "Mama," alisema, "Mpole jana amepanda bembea ya shule mpaka wadogo wakalia wapewe zamu. Hajatapika. Hicho ni kichefuchefu gani kinachochagua gari?"

"Labda ni harufu ya vitambaa vipya," Mama Pazia alisema, na akaumia moyoni. Alimpenda mtoto yule. Akanunua pipi za tangawizi, akaziweka kwenye mfuko wa mlango wa mbele, na siku alipomkuta Mpole kwa bibi yake akamwambia, "Nimekuwekea dawa ya kichefuchefu. Au umenichoka, mwanangu?"

Mpole alitazama viatu vyake. "Hapana, shangazi. Sijakuchoka." Akaondoka kwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyemtuma.

Ajali ilitokea asubuhi ya mvua. Lori la matofali lilikuwa mbele, likasimama kwa kishindo kwa sababu ya ng'ombe wa mtu. Mama Pazia alikanyaga breki, na gari likateleza kama sabuni kwenye sakafu. Mkanda ulimshika Chiriku kifua, ukajitahidi, lakini uso wake uliendelea na safari mpaka kwenye dashibodi. Mama Pazia aliukumbatia usukani kwa mbavu. Kisha ikabaki mvua inagonga bati la gari, na pipi za tangawizi zinabingirika chini ya miguu yao moja moja.

Waliofika kuwatoa walichungulia ndani. "Mifuko mbona haikutoka?" mmoja aliuliza. Mwenzake akamwambia, "Wewe mtoe mtu kwanza, mifuko utaiuliza baadaye."

Hospitalini taya la Chiriku likafungwa kwa waya, juu na chini, meno yakaambatanishwa. Akawa anakunywa kwa mrija, na aliyewaamsha majirani kwa maneno akawa anazungumza kwa nyusi na vidole. Mjomba Daktari alikuja, akasimama mbele ya kitanda, akalia machozi ya kweli. Kisha akauliza, "Gari liko wapi?"

"Wamelivuta mpaka kwa fundi bodi, kule karibu na mzani."

"Asiliguse. Mwambie asiliguse, nitakuja kulichukua mimi."

Mama Pazia aliona ni upendo. Alijisemea, mwenye ndugu hana upungufu. Na kwa sababu hakutaka kumwongezea kaka yake mzigo, alipoweza kutembea bila kushika ukuta akaenda kwa fundi bodi mwenyewe.

Fundi bodi alikuwa mzee mwenye masihara, ndevu zimeingia vumbi la rangi. Hakujua mama huyu ni dada wa nani. Alikuwa ameshafungua bampa lililopasuka.

"Pole mama. Umepona kwa mkanda tu. Lakini hebu nikuulize, gari hili alikuozea nani?"

"Kuniozea nini?"

"Taa. Gari lako lina ndoa." Alipoona hajaeleweka akafungua mlango. "Njoo uone. Wewe ukiwasha gari, unawasha kwa mkupuo mmoja, siyo? Kila mtu hufanya hivyo. Sasa mimi nawasha swichi tu, injini naiacha ilale."

Akageuza ufunguo kidogo. Taa zikawaka kwenye dashibodi, na kati yake yule mtu wa tikiti maji na, pembeni yake, taa ya betri.

"Hii ya mifuko ingekuwa nzima, ingewaka kidogo tu kisha ikazimika yenyewe, hata kabla injini haijanguruma. Haya, tungoje."

Wakangoja. Kuku akapita, akadonoa msumari, akauacha. Taa bado inawaka.

"Haizimiki. Unajua inamngoja nani? Mumewe." Akapiga stata. Injini ikakohoa, ikashika, na taa ya betri na taa ya mifuko zikazimika kwa pamoja, papo hapo, kama watu wa chumba kimoja. "Umeona? Fundi amekata waya wa taa yako, akaunganisha na wa betri. Mwenzake akiwaka, nayo inawaka. Mwenzake akizima, nayo inazima. Haina tena neno lake. Sisi mafundi tunaita hivyo, kuoza taa."

Mama Pazia alishika mbavu zake zilizoumia. "Lakini mifuko yenyewe?"

"Mifuko ilikuwa imelala siku zote." Fundi alimwonyesha mbele, nyuma ya bampa, kidude kidogo kama kidole gumba chenye waya wa manjano. "Hii ni sensa, ndiyo hupeleka habari ya kishindo. Ona mdomo wake ulivyooza, hii kutu ya kijani si ya juzi. Sasa ndani ya gari kuna kisanduku, ndicho mkubwa wao. Kila ukiwasha swichi, kisanduku kinawaita watu wake: upo? upo? Wote wakiitika, kinazima taa, kinakesha. Mmoja asipoitika, au akajibu upuuzi, kisanduku hakibahatishi, maana mfuko ule hutoka kwa baruti, ukikurupuka bila ajali unakuumiza bure. Basi kinaiweka mifuko pembeni, kinakuwashia taa kukwambia: mama, hapa nimeshindwa, kanitafutie mtu."

"Kinakupa mji," Mama Pazia alisema polepole.

"Kinakupa nini?"

"Nasema kisanduku kinajua kusema kimeshindwa."

"Hasa. Chenyewe kilisema. Ni mtu ndiye aliyekiziba mdomo." Mzee akapangusa mikono. "Kilichooza ni sensa, iliyoozwa ni taa. Huyo fundi ni wa wapi, tukamkanye?"

Mama Pazia alikuwa ameinama kwenye mlango wa mbele, anaokota pakiti ya pipi za tangawizi iliyopasuka. Aliishika kwa muda. Jambo fulani lilikuwa likimjia kutoka mbali, na hakutaka lifike.

Basi na wewe umeshamjua mlinzi wa kitendawili, yule ambaye jicho lake likiwaka ujue amesinzia. Tuendelee.

Alikwenda moja kwa moja gereji ya kaka yake. Daktari alikuwa na mafundi wake kuzunguka injini iliyofunguliwa. Akamwona dada, akatabasamu, kisha akaona uso.

"Ulimwoza nani, Daktari?"

Wale mafundi wakaacha spana hewani. Kuna maneno ambayo kila gereji huyaelewa.

"Dada, twende nje tuongee."

"Nje nimetoka huko. Niambie hapa hapa. Sensa ilikuwa imeoza, wewe ukaoza taa. Ulijua?"

Daktari alimvuta pembeni ya mlango, kwenye matairi makuukuu. Alisema mengi. Sensa ya gari lile haipatikani madukani, ameagiza, haijafika. Kila fundi hufanya hivyo, hata gari za wakubwa zina ndoa. Angemwambia tu, alikuwa anangoja siku nzuri. Isitoshe taa kuwaka ni kumtia dada wasiwasi bure barabarani.

"Ungeniambia imekushinda," Mama Pazia alisema. "Maneno mawili tu. Gari ningeliacha nyumbani. Vitambaa kichwani nilishazoea."

"Haijanishinda. Nilikuwa nangoja kifaa."

"Sawa. Basi nijibu moja, niende. Mpole ungempandisha gari lile?"

Daktari alitazama maandishi mekundu juu ya mlango wake, kama vile ndiyo kwanza anayasoma. "Unanivunjia heshima mbele ya vijana wangu," alisema. Akaingia chini ya gari la mteja, zikabaki nje soli za viatu.

Swali likabaki hapo, juu ya soli zile.

Ikapita wiki bila wao kusalimiana. Daktari alituma matunda, alituma juisi ya Chiriku, alituma hata kitambaa cha pazia, kana kwamba mshonaji ana njaa ya vitambaa. Mama Pazia alipokea vya mtoto, vya kwake akarudisha. Mwishowe mama yao, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kwenda kwa mtu, aliwaita wote wawili nyumbani kwake Jumapili mchana. Chiriku alikuja na mrija wake. Mpole alikuja nyuma ya baba yake, akaketi kwenye kigoda mlangoni, mahali pa mtu anayetaka kuondoka.

"Wazee walisema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime," mama alianza. "Mimi jembe silishiki tena, kwa hiyo sina pa kwenda. Nitawasikiliza. Anza wewe, baba."

Daktari alikuwa amejiandaa. Sauti yake ilikuwa laini. "Dada, nimekosa. Nilisema nitairudia ile taa kifaa kikifika, kazi zikanisonga, nikasahau. Nikimwona Chiriku alivyo, silali. Gari nitalitengeneza upya lote. Nisamehe."

"Umesikia," mama alisema. "Amesahau. Nani hasahau? Mimi mwenyewe juzi nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa."

Chiriku alitoa sauti puani. Kwa taya lililofungwa, hicho ndicho kilikuwa kicheko chake.

Mama Pazia hakucheka. Alikuwa amewaza siku zile zote akiwa kwenye cherehani, na mawazo yake yalikuwa yamebaki kama kitambaa kilichokwishakatwa: huongezi, hupunguzi. "Mama, kusahau nasamehe. Ujinga nasamehe pia. Nimewahi kushona mapazia ya watu juu chini. Kama Daktari aliona kwa akili zake kwamba gari lile halina neno, na mtoto wake angempandisha pale pale alipokaa wangu, basi ni mjinga, na mjinga ni ndugu yangu. Nitampa mkono sasa hivi. Namwuliza lile lile nililomwuliza gereji."

Akafungua mkoba, akatoa ile pakiti ya pipi za tangawizi, imekunjwa mdomo kwa pini ya kushonea. Akamwekea Mpole mapajani. "Hizi ni zako, mwanangu. Nilikununulia."

Mpole aliishika kwa mikono miwili. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na hakuyafuta, na hakumtazama mtu yeyote isipokuwa baba yake.

"Mpole ungempandisha?" Mama Pazia aliuliza.

Daktari alifungua mdomo. Dada yake aliujua mdomo ule. Ndio uliokuwa ukisema yai ni boga. Aliliona jibu likitungwa, likinyooshwa, likipigwa pasi. Neno moja tu lilitosha, ningempandisha, na mkono wa dada ungekuwa wake, na mama yao angelala vizuri. Na Mama Pazia mwenyewe, Mungu amsamehe, kuna upande wa moyo wake uliotamani adanganywe mara hii moja tu.

Mrija wa Chiriku ukagonga kikombe. Mama yao akasogea mbele ya kiti.

"Baba, tangu mdogo nakutega, unabisha. Kama limekushinda, mpe dada yako mji, tule tunywe yaishe."

Daktari akafunga mdomo. Akamtazama binti yake pale mlangoni, akatazama pakiti ile mikononi mwake, na mabega yake yakashuka.

"Mji sina, mama," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Nilimkataza, dada. Siku ile ile niliyokurudishia gari, nilimkataza asipande tena."